Siku Tuliyokwenda Kuhani kwa Derek

Juzi nilikuwa ghorofa ya juu ya basi, nikitoka kwenye usaili wa kazi ambao nilijua nimeuharibu kabla hata sijaketi, pale abiria wa kiti cha mbele yangu alipofungua karatasi ya chipsi. Siki ilipanda na mvuke ikanijia puani, ikachanganyika na harufu ya makoti ya sufu yaliyolowa mvua, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi nikamsahau yule mama wa usaili na swali lake kuhusu udhaifu wangu mkubwa. Nilikuwa nimemjibu kwamba nafikiri sana. Kisha nikatumia muda wote uliobaki kufikiri kama jibu lile lilifaa. Nilikuwa nimechoka hata kichwa kilikuwa kinagonga kioo na sikukiondoa. Nikafumba macho, na siki ile ikanirudisha kwenye reli moja ya chuma, baridi kama barafu, rangi yake ya bluu imebambuka, na mimi nimeiegemeza kidevu kwa sababu sikuwa na kimo cha kuegemeza viwiko.

Reli ile ilizunguka uwanja wa mpira, lakini msiwazie viwanja vya kwenye runinga. Wa kwetu ulijificha nyuma ya nyumba za watu, kati ya gereji na mahali pa kuegesha malori, na usingejua upo ila kwa nguzo za taa. Upande mmoja kulikuwa na paa la mabati juu ya ngazi chache za saruji. Upande wa pili lilikuwa tuta la nyasi, na pembeni kibanda cha chai chenye dirisha la kuinua. Timu ilicheza ligi ya chini kiasi kwamba shuleni nilipoitaja, watoto walidhani naitunga. Kipa wake alikuwa fundi bomba. Beki wa kushoto ndiye aliyekuwa akituletea barua nyumbani, na baba alimlaumu kwa kazi zote mbili.

Baba alikulia Nakuru, katika ukoo wa Wasomali waliokuwa na duka karibu na soko, na ujana wake wote aliumaliza pembeni mwa viwanja vya vumbi akishangilia timu ambazo hazipo tena. Kisha yeye na mama wakaenda Uholanzi, ambako nilizaliwa mimi, na kutoka Uholanzi tukaja Birmingham nikiwa darasa la pili. Watu wetu wengi walikuwa Small Heath, ng'ambo ya mji. Sisi halmashauri ilitupa nyumba Kingstanding, kwenye barabara ndefu za nyumba zilizofanana hata mama aliwahi kung'ang'ana na kufuli la jirani mpaka jirani akatoka. Baba alipata kazi ya usiku katika kiwanda cha mikate. Alirudi alfajiri na unga kwenye nyusi, akavua viatu kama mtu anayevua minyororo, akalala. Siku za Jumamosi alilala kidogo tu, kisha akaamka macho mekundu na kuniita kutoka ngazini: "Ifrah, koti!" Mama alibaki na mdogo wangu aliyekuwa bado mchanga. Nafikiri kunitoa mimi pale nyumbani ndiyo yaliyokuwa mapumziko ya mama, maana nilikuwa mtoto wa maswali, na swali likijibiwa lilizaa jingine.

Siku ya kwanza kuingia pale, baba alifanya kile ambacho kwake kilikuwa kawaida kama kufuta miguu mlangoni. Alianzia langoni akasalimia watu kwa mkono, mmoja baada ya mwingine. Mkata tikiti, wazee waliojipanga kwenye reli, mama wa kibanda cha chai aliyeitwa Pam, hata mshika kibendera aliyekuwa akipasha misuli moto. Kwao Nakuru huwezi kufika walipo watu ukajipenyeza na kusimama tu kama mwizi. Mimi nilimfuata nyuma nikitazama viatu vyangu. Watu walimpa mikono polepole, wakimkagua, wengine wakitazamana. Mwisho wa reli alisimama mzee mnene mwenye kofia ya sufu na pua nyekundu, mikono yake imezama mifukoni, na hakuitoa.

"Wewe nani," mzee akauliza, "unagombea udiwani?"

"Hapana, bwana. Nasalimia tu."

"Unawasalimia watu wote hawa?"

"Ndiyo," akasema baba. "Mbona ni wachache."

Mzee akageuka akaukagua uwanja wake, tuta lote la nyasi likiwa na mtu mmoja na mbwa, akacheka mpaka akakohoa. "Wachache kweli. Haya, Diwani, njoo usimame hapa uone jinsi mpira usivyochezwa."

Huyo ndiye Derek. Kuanzia siku ile baba alikuwa Diwani, kwa Derek, kwa Pam, kwa wote wa reli ile, na baba akalibeba jina hilo kama koti alilopimiwa na fundi. Kila Jumamosi ya mechi ya nyumbani tulisimama hapo hapo, Derek kulia, baba kushoto, mimi katikati na kidevu changu kwenye chuma. Derek hakunyamaza. Alimtukana refa, upepo, na zaidi ya wote kipa wake mwenyewe.

"Bomba la jikoni kwangu ulilitengeneza hivyo hivyo! Bado linavuja!"

Kipa, bila kugeuka, akajibu, "Nilikwambia usiliguse, Derek!"

Kwa kuwa pai za kibandani hatukuzila, baba alibeba chai ya tangawizi kwenye chupa na sambusa alizofungiwa na mama kwenye karatasi ya foili. Derek alikula kuliko sisi sote. Mara moja alilalamika kwamba zile za wiki iliyotangulia zilimtoa machozi mbele ya watu.

"Yale yalikuwa matokeo," baba akamwambia. "Pilipili umeisingizia."

Nami nilipewa peremende kutoka mfuko wa koti la Derek, zenye manyoya ya koti, nikazila nikiwaza kama manyoya ni halali.

Jambo moja lilinishughulisha. Derek hakuwahi kuona mwisho wa mechi. Dakika chache kabla ya filimbi, tukiwa tunashinda au tunafungwa, alitazama saa iliyokuwa juu ya kibanda cha chai, akagusa ukingo wa kofia yake, akaondoka akizunguka nyuma ya kibanda, na hakutokea upande wa pili. Sikujua kwamba nyuma kule kulikuwa na lango dogo la kutokea. Nikapanga ushahidi wangu. Tulipofika alikuwa yupo tayari. Pam alikuwa na funguo. Dirisha dogo la nyuma lilikuwa na pazia. Na katika miaka yetu Kingstanding hakuna Mwingereza aliyewahi kutukaribisha kwake, kwa hiyo sikuwa na mahali pengine pa kumweka Derek akilini mwangu. Nikahitimisha kwamba anaishi kibandani, analala kati ya mitungi ya gesi na maboksi ya chipsi, na nilimwonea huruma mpaka usiku mwingine sikupata usingizi. Sikumwambia mtu. Niliona kwamba huenda ni siri, na kwamba Pam angeweza kufukuzwa kazi.

Sasa nikiyatazama yale kwa macho ya mtu mzima, naona pia kitu ambacho nilikijua bila kukitamka. Nje ya uwanja ule, hakuna aliyemngoja baba. Kiwandani mashine zilipiga kelele usiku kucha na watu walizungumza kwa ishara. Majirani walikuwa wema kwa umbali, kama watu wanaopungia treni. Shuleni jina lake lilisomwa kwa kusitasita, kama ngazi yenye kidato kilichokosekana. Lakini pale langoni mkata tikiti alikuwa akipaza sauti, "Diwani kafika!", na nilimwona baba akinyooka mgongo, uchovu wa juma zima ukimtoka mabegani. Niliupenda mgongo ule. Niliulinda. Kila tulipokwenda nilikuwa nikiwakagua watu usoni, nikitafuta dalili kwamba wamemchoka.

Kisha ikaja Jumamosi ambayo nafasi ya Derek ilikuwa tupu. Baba alikuwa katikati ya salamu zake alipofika dirishani kwa Pam, na Pam hakumpa mkono. Alimshika kiwiko.

"Diwani, mpenzi, hujasikia? Derek ametutoka. Jumatano. Moyo."

Baba akasema kimyakimya yale tunayoyasema mtu akifa. Nilitazama pazia la dirisha la nyuma, nikawaza nani atavitoa vitu vyake mle ndani.

Timu zikaingia uwanjani. Badala ya kuanza, wachezaji walijipanga kuzunguka duara la kati, refa akapiga filimbi, na watu wote wakaanza kupiga makofi. Wazee wa reli, Pam, kipa, hata wageni waliokuja na timu nyingine. Makofi yakaendelea, mengine yakiambatana na miluzi. Sikuwahi kuogopa vile. Makofi mimi niliyajua: yalikuwa ya goli, ya siku ya kuzaliwa, ya mtoto aliyepata cheti. Wamefurahi, nikawaza. Amekufa na wamefurahi. Nikaanza kumtafutia Derek kosa, nikakumbuka zile kelele zake kwa kipa, na kweli kipa alikuwa akipiga makofi kwa nguvu kuliko wote. Nikamtazama baba. Mikono yake ilikuwa imebaki hewani, haijui iende wapi. Hatimaye akaigeuza viganja juu, akainamisha kichwa, akamwombea Derek dua katikati ya makofi yale, kama mtu anayesali kwenye arusi.

"Baba," nikamwuliza yalipokoma, "Derek aliwakosea nini?"

"Sijui," akasema baba. Ninaamini kweli hakujua; hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba makofi yale ndiyo heshima yao kwa marehemu.

Wakati wa mapumziko alirudi kwa Pam. "Msiba uko wapi?"

"Mazishi? Wiki tatu hivi, nadhani. Wanasubiri nafasi."

"Wiki tatu!" Baba alishika ukingo wa dirisha. Kwetu mtu akifa asubuhi, jioni yuko kaburini. "Na mjane? Nani amekaa naye?"

"Maureen? Yuko kwake." Pam akapangusa kaunta iliyokuwa safi. "Nadhani anapenda aachwe peke yake, unajua. Nimempelekea kadi."

Baba aliuliza nyumba ilipo. Pam alisita, akatazama huku na huku, kisha akamwelekeza: barabara ya nyuma ya zahanati, mlango wa kijani. Tuliondoka kabla ya kipindi cha pili. Njiani baba alirudia mara kadhaa, si kwangu bali kwa barabara: "Kadi. Mtu amefiwa na mume, wamempelekea kadi."

Kesho yake nyumba yetu iligeuka jiko. Mama alikaanga vitunguu vya pilau huku mdogo wangu amefungwa mgongoni, na Mjomba Abdi, kaka yake mama, akaja kutoka Small Heath na teksi yake kubwa, amewabeba mama wawili rafiki zetu waliokuwa hawakosi kwenye msiba wowote, na kila mmoja amepakata sufuria lililofungwa kwa kanga.

"Huyu Derek ni nani wetu?" akauliza Mjomba Abdi.

"Tunasimama pamoja," akasema baba.

"Wapi?"

"Mpirani."

Mjomba akamtazama mama. "Shemeji yangu ameanza kuchanganyikiwa kwa kukosa usingizi."

Mama naye alikuwa na wasiwasi wake. "Umewauliza lakini? Wametuita?"

"Msiba hauitwi," akasema baba. "Msiba unaendewa."

Hapo nikashindwa kuvumilia. Nilikuwa nimekaa kwenye kidato cha ngazi, na kama kawaida yetu sisi wa huku, wao walisema Kiswahili na mimi nikajibu kwa Kiingereza. Nikamwambia baba kwamba watu wa hapa hupigiwa simu kwanza. Nikamwambia kwamba rafiki yangu wa darasani, hata bibi yake mzaa mama hupiga simu kabla ya kuja.

"Una namba ya Maureen?" akauliza baba.

"Sina."

"Basi. Vaa koti."

Sikuwa najidai mjuaji. Niliyajua mambo ambayo baba, kwa kulala mchana na kufanya kazi usiku, hakupata nafasi ya kuyajifunza. Nilikuwa nimeuona uso wa Kiingereza unavyojifunga mtu akiusogelea mno; ulikuwa ukijifunga taratibu, kwa tabasamu, na haukufunguka tena. Nikaona wazi yatakayotokea. Maureen atafunga mlango. Atamwambia Pam. Pam atawaambia wa reli. Jumamosi ijayo baba atanyoosha mkono wake na watu watautazama, na lile jina litaanguka chini lisiokotwe, na baba hatakuwa na mahali popote katika mji huu wote pa kunyooshea mgongo. Nilikaa kiti cha nyuma cha teksi, sufuria la moto limenichoma mapaja, nikamwomba Mungu tukute Maureen amesafiri.

Nyumba ilikuwa na ua wa majani uliokatwa kwa rula, mapipa ya taka yamepangwa, na mlango wa kijani wenye kigongeo cha shaba. Nilisimama kwenye njia ya mawe nikikitazama kigongeo kile. Derek alikuwa na mlango. Alikuwa na madirisha ya juu na ya chini, na mapazia meupe, na waridi lililopogolewa. Sikuona faraja yoyote. Niliona aibu, kana kwamba ni mimi niliyemlaza kwenye mitungi ya gesi muda wote ule. Ng'ambo ya barabara pazia likasogea.

Aliyefungua alikuwa mwanamke mwembamba, miwani imening'inia kifuani, viatu vya ndani vyenye manyoya. Alitutazama: baba na kofia yake ya Ijumaa, Mjomba Abdi, mama na mtoto mgongoni, wale mama wawili katika mitandio yao, na masufuria.

"Nina dini yangu tayari," akasema, "asanteni."

"Hapana, mama," akasema baba. "Mimi ni Diwani."

Uso wa Maureen ukabadilika. "Diwani? Nimeandika mara mbili kuhusu yale mapipa."

Mjomba Abdi alikohoa ndani ya kiganja. Baba akatikisa kichwa, akaanza upya, Kiingereza chake kikijikwaa. Akasema anatoka uwanjani. Akasema alisimama na Derek, yeye kushoto, Derek kulia, na mtoto huyu katikati. Akasema tumekuja kumpa pole.

"Hakuwahi kukutaja," akasema Maureen.

Hakukuwa na ubaya katika sauti yake. Alikuwa akisema kitu kilivyo. Lakini nilimtazama baba, nikauona mgongo ule ukianza kuinama, kidogo kidogo, kuanzia shingoni.

"Derek hakuwa mtu wa maneno," akaongeza Maureen.

Baba akainua kichwa. "Derek?"

"Hapa ndani siku nzima ingepita hajasema lolote. Chai, asante, usiku mwema."

Baba na mimi tukatazamana. Nadhani Maureen aliona tulivyotazamana, kwa sababu aliushika mlango akaufungua zaidi kidogo, na kwa mama zetu upenyo ule ulitosha. Walivua viatu, wakampita wakimpa pole kwa mikono miwili, na kufumba na kufumbua walikuwa jikoni kwake.

Yaliyofuata yalinitesa. Maureen alienda kuweka birika. Mmoja wa wale mama akamwondolea birika mkononi kwa upole na kumrudisha kwenye kochi. Maureen akainuka kutafuta vikombe, akarudishwa. Mfiwa hagusi chombo, hiyo ndiyo sheria yetu, na kwa Maureen kukaa wageni wakihangaika nyumbani mwake kulikuwa fedheha isiyo na jina. Walishindana hivyo mpaka wote wakachoka, na Maureen akabaki ameketi ukingoni mwa kochi lake, magoti pamoja, kama aliyekuja kwa daktari.

"Tunaweza kumwombea?" baba akauliza.

"Derek hakuwa mtu wa kanisa."

"Hata sisi," akasema Mjomba Abdi.

Tukaomba. Kisha tukakaa. Wenzangu mliokulia kwenye misiba yetu mnajua kukaa kule: hakuna ajenda, hakuna anayelazimika kusema, watu wanajaza chumba tu ili kisiwe kitupu. Lakini niliutazama uso wa Maureen nikaona kwamba yeye anasubiri. Anasubiri tuseme tumekuja kufanya nini. Saa ya ukutani ilisikika. Mdogo wangu akalala. Baba, ambaye hakuwa amelala sawasawa tangu Ijumaa, alipambana na kope zake. Nje mwanga ulianza kupungua na hakuna aliyewasha taa, sisi tukimwachia mwenye nyumba, mwenye nyumba akiwa amekatazwa kuinuka.

Ndipo Maureen akakohoa kidogo, akauliza, "Mtaondoka saa ngapi?"

Hiyo hapo, nikawaza. Imekuja. Nilitaka kuinuka, nikusanye viatu vya watu wote, niombe radhi kwa Kiingereza changu safi, niwatoe nje kabla hajasema la pili. Nimelirudia swali lile mara nyingi tangu wakati huo, kwenye mabasi, kitandani, jana tu nikipiga mswaki. Nimelisema kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na wageni. Nimelisema kwa sauti ya mtu anayeogopa kuachwa na usiku. Maneno ni yale yale, na mimi sikuwa na umri wa kujua sauti ile ilikuwa ipi.

Baba hakuhangaika nalo. Alilijibu kama alivyoulizwa.

"Wenzetu wakifika," akasema.

"Wenzenu gani?"

"Wa kutupokea. Ndugu zako, majirani. Wa jioni." Akatafuta neno, akalipata kiwandani. "Zamu ya pili. Wao wakiingia, sisi tunatoka. Hatukuachi katikati."

Maureen akavaa miwani yake, akaivua.

"Mwanangu yuko Australia," akasema. "Atakuja mazishini. Pam alileta kadi." Akatazama kadi zilizopangwa juu ya rafu, kisha akatutazama sisi. "Hakuna wengine."

Watu wazima wote waliokuwa mle ndani walielewa Kiingereza, lakini baba aliona lazima atafsiri. "Anasema hakuna wengine."

Kutoka jikoni nilimsikia mama akiwasha jiko upya chini ya pilau. Mjomba Abdi, aliyekuwa na abiria wa uwanja wa ndege jioni ile, alipumua kwa nguvu, akachukua funguo zake, akavaa viatu mlangoni na kutoka.

Maureen akashtuka. Kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa karibu naye, na pengine kwa kuwa alijua nitamjibu kwa lugha yake, akaniinamia.

"Anaondoka?"

Nikakimbilia dirishani. Teksi ya Mjomba ilikuwa imepanda na magurudumu mawili juu ya njia ya waenda kwa miguu, taa za tahadhari zikiwaka na kuzima, jinsi mtu anavyoliacha gari anapojua hatakawia. Nilimwona akiingia, simu sikioni, akimwomba dereva mwenzake amchukulie yule abiria. Kisha akarudi nyuma, akaenda mbele, akarudi tena, mpaka gari likalala sambamba na ua wa Derek. Akazima taa.

"Hapana," nikamwambia. "Anaegesha vizuri."

Maureen aliegemea kochi, mgongo wake wote, kwa mara ya kwanza tangu tufike.

"Basi mwambie afunge geti akiingia," akasema. "Mbwa wa jirani hupenya."

Nikatoka na soksi, nikaenda kumwambia.